Ukiuza Mashine, Utaamkia Wapi?

Wanangu wa Kisiba, nyinyi mnaopakia ndizi usiku ziwahi soko la Mabibo, mliofungua maduka ya pembejeo Tukuyu mjini, na nyinyi mabinti wa cherehani na saluni: kuanzisha biashara mmefundishwa na kila mtu. Benki ina semina, kanisa lina semina, hata wanasiasa wana semina. Kuondoka kwenye biashara sijasikia semina yake. Acheni mzee wenu aliseme hilo mapema, mkiwa bado mna nguvu za kulikasirikia.

Mtumishi wa serikali amepangiwa. Akifika miaka 55 anaweza kuondoka kwa hiari, akifika 60 anaondoka apende asipende. Anapewa barua, wenzake wanamchangia, wanakula wali, anarudi kwao. Mwenye mashine ya kusaga hana barua. Huondolewa na magoti, na kisukari, na mkopo, au na jeneza.

Babu zetu walikuwa wametuzidi katika jambo hili. Wanyakyusa walikuwa na ubusoka: mara moja katika kila kizazi, wazee waliokuwa wakitawala waliwaachia watoto wao nchi, hadharani, watu wote wakishuhudia, kisha wakasogea pembeni. Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi na wazee wetu hapa Rungwe miaka ya 1930, waliyachunguza mambo hayo, na kitabu cha Monica kuhusu vijiji vyetu vya marika kilitoka mwaka 1951. Mvulana wa miaka kama 10 alianza kujenga kibanda na wenzake pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakakulia huko, wakaoa wakiwa huko. Alijua tangu utoto kwamba iko siku ya kupokea na iko siku ya kuachia.

Na aliyeachia hakuachwa hewani. Ulinzi na utawala vilikwenda kwa watoto, lakini kulikuwa na matambiko yaliyobaki mikononi mwa wazee. Walikuwa na kazi ambayo kijana hakuiweza. Siwadanganyi kwamba yote yalikuwa matamu: chifu mzee alitazamiwa kufa muda si mrefu baada ya sherehe ile, na ukilijua hilo huwezi kumlaumu ambaye angeivuta siku. Uchifu ulifutwa na serikali mwaka 1963, na sisi wenye maduka hatukuwekewa utaratibu mwingine wa kupokezana.

Habari ya fedha nitaipita haraka, maana mnaielewa kuliko mimi. NSSF inawapokea waliojiajiri, lakini pensheni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, kwa hiyo anayeanza akiwa na 50 ahesabu mwenyewe. Vipande vya UTT vipo tangu mwaka 2005. Bima ya afya si ya kungoja ugonjwa. Basi.

Fedha hazikumsaidia mwenzangu mmoja wa kule Masoko. Aliuza lori kwa bei nzuri, deni hana, nyumba ya matofali anayo. Haikupita miezi mingi, kila asubuhi ukawa unamkuta stendi amevaa koti lake lile lile la safari, akiwaelekeza madereva ambao hawakumwuliza kitu. Simu yake ilikuwa imeacha kulia. Wengi aliowaita marafiki walikuwa wateja, na mteja hufuata lori. Jioni alirudi nyumbani kwa mke ambaye kwa miaka yote ile walionana usiku tu, akaanza kukagua jiko kama alivyokagua mzigo: chumvi imeishaje, mkaa umekwendaje. Mama wa watu akahamia kwa binti yake Mbeya, akisema anakwenda kulea mjukuu.

Yule hakukosa akiba. Alikosa pa kuamkia. Tunaitana kwa biashara zetu, Mzee wa Mashine, Mama Pembejeo, na siku mashine ikiuzwa jina nalo linakwenda na mnunuzi.

Wapo pia wanaomwachia kijana duka huku wamekalia kiti kile kile nyuma ya kaunta. Mteja akiingia anamtazama mzee kwanza. Kijana anakuwa karani wa baba yake mpaka naye anaota mvi. Kwangu mimi huko ni kumdhulumu mtoto, hata ukimlipa mshahara.

Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 alibaki na uenyekiti wa chama hadi 1990, na watu bado wanabishana kama alifanya vyema. Lakini tazameni upande mwingine: shamba lake la Butiama lilikuwepo, Tume ya Kusini aliiongoza kuanzia 1987, na baadaye akaitwa kuwapatanisha Warundi. Alipotoka Ikulu hakukosa kazi.

Nyinyi hamtaitwa Burundi. Anzeni na ya hapa hapa. Chagueni siku moja ya juma msikanyage dukani, na simu aishike mwingine. Mtajua upesi kama biashara inasimama bila nyinyi, na mtajua kama nyinyi mnasimama bila biashara. Pandeni parachichi na milingoti mkiwa na miaka 40, si 65. Mwenye ng'ombe wa maziwa ana sababu ya kuamka alfajiri hata kama hakuna anayemwita bosi. Ingieni kamati ya maji, kwaya, baraza la kata, mahali ambapo watu watawasikiliza bila kununua kitu. Na karatasi mziweke sawa mapema: leseni ina jina lako, TIN ina jina lako, akaunti ina jina lako, sasa mtoto atapokea nini? Nendeni BRELA mkasajili kampuni wakati miguu bado inakubali.

Kisha wekeni mwaka. Msiuweke moyoni, andikeni, mkawaambie mke au mume, watoto, na mzee mmoja wa kanisa asiyewaogopa. Mkishauandika leteni niuone. Jumapili baada ya ibada huwa niko nyumbani.