Mifupa ya Wahenga na Swali la Asili

Je, yafaa kumsumbua maiti ili aliye hai apate kujijua? Sisi wa pwani tumelelewa kuliheshimu kaburi: apitaye huwatolea salamu walalao humo, wala hawafukui. Swali hili, basi, si jepesi, nasi hatupendi walipuuzao kwa jina la elimu.

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa kati ya miaka 1250 na 1800 katika miji ya pwani, kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Unga kidogo wa jino au wa mfupa ulitosha kueleza nasaba ya mtu.

Hapo kabla palikuwa na ugomvi mkubwa. Waandishi wengi wa enzi ya ukoloni walidai kwamba miji ile ya mawe ni kazi ya wageni, kana kwamba Mwafrika hakujua kuweka jiwe juu ya jiwe. Baada ya uhuru wakatokea waliojibu kwa kuwakana wageni wote, na masimulizi ya Washirazi wakayaita hadithi tupu. Mifupa haikumpendelea yeyote. Nasaba ya upande wa mama karibu yote ni ya Kiafrika. Ya upande wa baba, kwa wengi, yatoka Uajemi, na damu ya Kihindi imo kidogo. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000, na baada ya 1500 damu ya Uarabuni ikazidi.

Lakini watoto wa ndoa zile walinena lugha gani? Walinena Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama zao. Jambo hilo halimo katika unga wa jino, nalo kwetu ni kubwa kuliko hesabu yote ya damu. Mwalimu asimruhusu mwanafunzi ampimie mwenziwe Uswahili kwa mafungu ya mia.

Twaona uchunguzi huu ni halali, maadamu wenyeji wameulizwa kwanza na mabaki yamerudishwa kaburini kwa stara. Tena tukumbuke kwamba wengi waliochunguzwa walikuwa watu wenye cheo, waliozikwa karibu na misikiti. Wavuvi na wakulima, ambao makaburi yao hayakujengewa, hawajasikika sana. Na siku watakapotafutwa, wazao wao wanaolima kando ya magofu hayo ndio watakaostahili kubishiwa hodi.