Musa alipewa Haruni

Mara hii tunaandika juu ya jambo lililotukuta sisi wenyewe, nalo si la kutuletea sifa.

Katika kanisa letu hapa Kolwezi kuna binti anayesoma sheria. Alipokuwa mutoto mudogo, polio ilimushika muguu wa kuume na mukono wa kuume. Anatembea kwa gongo, anaandika kwa mukono wa kushoto, pole pole. Walikuwa wanasomea katika orofa ya pili, na ngazi hazina pa kushikia. Wakati wa mitihani, wenzake walipokwisha kujibu maulizo manne, yeye alikuwa katika la pili, na karatasi ikachukuliwa. Basi akaandika barua kwa wakubwa wa fakulte. Aliomba mambo mawili tu: mutihani wake ufanyike katika chumba cha chini, tena aongezewe dakika thelathini. Mbele ya kuipeleka, aliileta kwetu tuiombee.

Tukamuambia aiweke kwanza. Tulisema: ukiandika kwamba wewe ni kilema, unatia sahihi kwamba Mungu hatakuponya. Tulifunga naye siku tatu, tukamuwekea mikono. Barua ikakaa ndani ya Biblia yake. Mwezi wa mitihani ukafika, mukono ulikuwa uleule, akaanguka, akapoteza mwaka muzima. Na feza za masomo ya mwaka ule mama yake alizipata kwa kuuza unga sokoni.

Tangu wakati ule ulizo hili halituachi: mutu akiomba atengenezewe njia kwa sababu ya ulemavu wake, je, anaonyesha kwamba hana imani?

Hatukatai uponyaji. Mutu akitukataza kuombea wagonjwa, kanisa letu litabaki na nini? Wengi wetu tuliingia kwa mulango huo. Lakini tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya ine. Musa alimuambia Mungu kwamba kinywa chake ni kizito. Mungu akamukumbusha kwamba vinywa vyote ni kazi ya mukono wake. Sisi tungengoja nini hapo? Tungengoja ulimi ufunguliwe palepale. Katika sura ileile Mungu anageuza fimbo kuwa nyoka, anautia mukono wa Musa ukoma na kuuponya tena. Aliyefanya hayo hakushindwa na ulimi. Lakini hakuugusa. Alimupa Haruni, ndugu yake, aseme kwa ajili yake. Musa akaenda mbele ya Farao na ulimi wake uleule muzito, na watu wakatoka Misri.

Muzee mumoja alitujibu: lakini Mungu alimukasirikia Musa siku ile! Ni kweli. Ila tusome vizuri alimukasirikia kwa nini. Musa alitaka mutu mwingine atumwe pahali pake. Alikuwa anaikimbia kazi. Binti yetu hakuikimbia kazi. Alipanda zile ngazi kila asubuhi na vumbi ya malori ikiwa mwilini mwake, akiomba kitu kimoja, ajibu maulizo yote kama wenzake. Sisi ndio tuliomurudisha nyuma.

Kuna neno lingine, nalo lilitoka kwa vijana wetu wanaosoma naye. Wao hawakusema habari ya imani. Walisema: dakika thelathini za ziada ni wizi, sheria iwe moja kwa wote. Neno hili lina nguvu, maana mwamuzi hapaswi kupendelea uso wa mutu, na anayejifunza sheria aanze kulishika hilo tangu darasani. Lakini tuangalie kazi za hapa kwetu. Kule Kamoto watu wanashuka chini ya udongo kuchimba shaba. Kule KOV wanachimba katika shimo la wazi, na muchana jua linawapiga. Anayeshuka Kamoto anapewa taa ya kuvaa kichwani. Hatujasikia mutu wa KOV akilalamika muchana kwamba mwenzake amependelewa kwa kupewa taa. Kompani inatafuta shaba kwa wote wawili. Haikuwaandika kazi ili ijue nani anaona gizani. Mutihani wa sheria ni vilevile. Unapima kama mwanafunzi anafahamu Kode ya Familia, kama anaweza kutenganisha kosa na bahati mbaya, kama anajua neno gani ni ushuhuda na neno gani ni masengenyo. Haupimi mbio za vidole.

Kama binti yetu angeomba pointi za bure, ao aondolewe ulizo moja, hapo tungekuwa upande wa vijana. Mutu mwenye kesi ataweka siku moja nyumba yake, ao uhuru wake, katika mikono ya binti huyu, na haifai apate avoka aliyehurumiwa. (Na tuseme kweli: anayepeleka bahasha kwa kununua pointi, mbona hatumuiti mwizi kwa sauti kubwa kama ile?)

Wengine wanasema: mbele ya tribinali nani atamungojea? Kule Afrika ya Kusini, Zak Yacoob alipofuka akiwa na miezi 16. Alisoma sheria, akawa avoka, na tangu 1998 hata 2013 alikuwa mwamuzi katika Korti ya Katiba, iliyo kubwa kupita zote kwa mambo ya katiba katika inchi ile. Kwetu, Irène Esambo, avoka na mutu mwenye ulemavu, aliwekwa katika serikali mwaka 2019 kuangalia mambo ya watu wenye ulemavu.

Tena serikali imekwisha kusema. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa njia zinazopatana na mahitaji yao, ya mwili, ya akili na ya roho. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kwa mapatano yale, kukataa kumutengenezea mutu njia inayomufaa, isiyo muzigo wa kupita kiasi, ni ubaguzi; na masomo makubwa yametajwa mle. Kisha tarehe 3 Mai 2022 ikatoka sheria ya inchi ya kulinda haki hizo. Kwa hiyo barua iliyolala ndani ya Biblia haikuwa ya kuomba sadaka. Ilikuwa inadai deni.

Na sisi watu wa makanisa ya manabii tulipaswa kufahamu haya mbele ya wengine. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alisimama mbele ya tribinali ya kijeshi kule Thysville, inayoitwa leo Mbanza-Ngungu, pasipo avoka wa kumutetea. Alihukumiwa kufa. Mufalme wa Wabelgiji akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, na nabii akakaa miaka 30 katika gereza la Elisabethville, hapa kwetu Katanga, hata kufa kwake mwaka 1951. Mutu aliyeombea wagonjwa wengi hivyo hakupata hata mumoja wa kusema kwa ajili yake siku ya kuhukumiwa. Tunakumbuka hilo kila mwaka, kisha tunamuzuia mutoto wetu anayejifunza kazi ya Haruni?

Binti amerudia mwaka. Barua ya pili tuliiandika pamoja naye, na muzee aliyemukataza mara ya kwanza ndiye aliyeipeleka kwa mukono wake, akangoja mulangoni hata ikapigwa muhuri. Chumba cha chini amekipata. Juu ya dakika thelathini bado hatujapata jibu, na mitihani inaanza baada ya majuma matatu. Siku ya Kwanza wazee wawili watarudi kuuliza. Maombi ya Jumatano yanaendelea, na mukono wake unaombewa kama mbele.