Damu na Dhiki

Kila jamii yenye mlango hulazimika siku moja kujibu swali hili: mkimbizi apokewe kwa sababu gani? Wako wasemao kuwa sababu ni damu. Aliye ndugu afunguliwe, asiye ndugu aonyeshwe njia. Wako wasemao kuwa sababu ni dhiki. Aliyeelemewa apokewe, nasaba yake iulizwe baadaye au isiulizwe kabisa. Pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, toka Bagamoyo mpaka Sadani na Pangani, ina haki ya kuitwa shahidi katika shauri hili, maana imepata kuwa mlango wa kutokea na mlango wa kuingilia.

Katika miaka ya 1830 njaa iliikumba nchi ya Wazigua, iliyo nyuma ya pwani hiyo. Masimulizi ya wazao wao husema kuwa watu walipandishwa vyomboni kwa ahadi ya chakula na kazi, wakashushwa pwani ya Somalia wakiwa bidhaa. Baadhi yao walitoroka mashamba ya mabwana zao, wakiongozwa na mwanamke aliyeitwa Wanakhucha, nia yao ikiwa kurudi kwao. Hawakufika. Walijenga katika misitu ya Mto Juba, wakakaa huko karne moja na nusu, na Kizigua hakikutoka vinywani mwao. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, wenye silaha waliwapora na kuwaua; wengi wakakimbia. Baadhi walikuja Tanzania, wakapokewa Mkuyu, Handeni. Kisha, mwaka 2003, wakahamishiwa Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, wakapewa ardhi ya kulima. Wengi wao wakapata uraia.

Kisa hiki hupendeza, na uzuri wake waweza kupotosha. Asikiaye huona hoja ya damu imeshinda: walipokewa kwa kuwa ni Wazigua. Lakini damu ilikuwako miaka yote ile, wala haikumrudisha mtu. Kilichowaleta ni risasi. Tena, kama damu ndiyo sharti, Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wangekosa sharti hilo. Nao zaidi ya 160,000 walipewa uraia na Tanzania mwaka 2014. Hapana shaka lugha moja hulainisha ujirani. Basi damu ni sababu ya wepesi. Dhiki ni sababu ya haki.

Senema iitwayo Dheepan, iliyotengenezwa na Mfaransa Jacques Audiard na kupata tuzo kuu ya Cannes mwaka 2015, husema mambo yake mengi kwa Kitamil, na yatoa ushahidi wa upande wa pili. Mwanamume aliyekuwa mpiganaji, mwanamke kijana na mtoto yatima, wasiojuana, wanatoka Sri Lanka kwa hati za safari za watu waliokwisha kufa, wakijifanya mume, mke na mwana. Mchezaji mkuu, Antonythasan Jesuthasan, alikuwa mwenyewe mpiganaji katika utoto wake, kisha mkimbizi Ufaransa. Je, watatu hawa ni waongo? Ndiyo, kwa maneno yao. Lakini mlango unaoulizia nasaba humfundisha aliye nje kutunga nasaba. Na tazama: kwa kulishana na kulindana, uongo ule unaanza kugeuka kweli. Wahenga walisema kuwa undugu ni kufaana, si kufanana.

Yumkini mwenyeji atauliza: na mimi je? Handeni si nchi ya mvua nyingi, na shamba agawiwalo mgeni halikui kwa kugawiwa. Swali hili ni la haki, halipaswi kubezwa. Mwenyeji maskini anayo ruhusa ya kuuliza uwezo wake una mpaka gani. Hana ruhusa ya kuugeuza mpaka huo kuwa kipimo cha utu wa mwenzake. Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu hutumiwa kumfukuza mvivu. Lakini kwa mtu aliyefungiwa kambini miaka mingi, akila posho na kukatazwa kutoka, jembe si karipio bali ni heshima. Waliopewa jembe Chogo walikoma kuwa mzigo siku walipoacha kuhesabiwa kuwa wageni.

Huko Bagamoyo, tangu mwaka 1868, wamisionari walikusanya watumwa waliokombolewa, watu wa makabila mbalimbali. Hawakuwa na babu mmoja. Walikuwa na msiba mmoja, na kwa msiba huo walijenga kijiji. Pwani iliyowahi kuuza watu ina deni, na deni hilo haliwezi kulipwa kwa wazao wa waliouzwa peke yao, maana wengi wao hawatarudi kamwe. Hulipwa kwa yeyote abishaye hodi.