Anza na Breki

Ukitaka kujiundia gari la kasi la mtindo wa zamani pale Ukunda, usianze na bodi. Vijana wa Marekani waliochukua Ford Model T (1908–1927), yenye nguvu za farasi 20 tu, waliiongezea mbio kwa kuipunguzia uzito: paa likatoka, milango ikatoka. Kung'oa hakuna gharama, na huo ndio uzuri wake kwa mwenye mfuko mwembamba. Pesa ziende kwenye breki na usukani. Bodi, fundi wa jua kali atakukunjia kwa bati la pipa, nyundo na mfuko wa mchanga. Ila upepo wa bahari wa Diani, jirani na Ukunda, una chumvi: kila mshono uliochomelewa upigwe msasa na rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, ndani na nje.