Angalia Chini ya Mti

Somo: Marko 4:26–29, Yohana 4:35



Katika Marko 4, Yesu anasimulia mbegu inayokua hatua kwa hatua. Mkulima halazimishi chochote. Lakini mavuno yakikomaa, hangoji tena: anashika mundu. Subira na haraka, zote ziko kwa mtu mmoja. Shida yetu ni kujua saa ya kila moja.

Hebu twende kwa jirani zetu wa Kigoma, Tanzania, kwenye mchikichi, mti unaotoa mawese. Mkungu wake huchukua kama miezi 5 hadi 6 tangu ua lichavushwe mpaka uive. Na unajua nini? Mafuta mengi huingia kwenye tunda katika wiki zile za mwisho. Ukikata mapema, mkungu ni mzito na unajaza mkokoteni vizuri, lakini ukikamua, mafuta ni kidogo. Na ukishaukata, huwezi kuurudisha mtini umalizie kukua.

Ukichelewa nako ni hasara. Matunda yanapukutika, yanapondeka, yanaoza, na mawese yake yanakuwa machachu. Hata mkungu ulioiva vizuri, ukishakatwa, unafaa kupikwa ndani ya siku 1 au 2.

Sasa mkulima anajuaje? Rangi inasaidia, tunda likitoka weusi kwenda wekundu. Lakini rangi peke yake inaweza kudanganya. Kwa hiyo anaangalia chini. Akikuta matunda machache yamedondoka yenyewe, anajua mkungu uko tayari. Ndiyo maana analizunguka shamba kila baada ya siku 7 hadi 14. Hangoji kuitwa.

Kanisa, mnanisikia? Kuna watu tunawakata mapema. Mtu ameokoka juzi, leo tumempa maiki, mwezi ujao ni kiongozi wa vijana. Rangi tumeiona, mafuta bado. Paulo alimwonya Timotheo juu ya jambo hili (1 Timotheo 3:6). Halafu akianguka tunamsema yeye, na kumbe panga lilikuwa mkononi mwetu!

Na kuna wale tunaowachelewesha. Jirani aliyekuuliza, “Huko kwenu ibada huanza saa ngapi?” Yule kijana wa boda boda aliyekuambia, “Mama, niombee, mambo ni magumu.” Mume ambaye siku hizi hazimi redio wakati wa mahubiri. Mpendwa, hayo ni matunda yaliyodondoka! Wewe unasema, “Nitamwalika kwenye mkutano wa Desemba.” Moyo uliolainika leo unaweza kuchacha kabla ya Desemba. Wengine tumekuja kuwahubiria wakiwa ndani ya jeneza.

Wiki hii, andika majina mawili. La kwanza ni la mtu ambaye bado anakomaa: mwombee, mfundishe, usimsukume. La pili ni la mtu ambaye tayari amedondosha tunda. Huyo mwendee kabla ya Jumapili.

Tuombe: Bwana, tupe subira kwa walio wachanga, na utuondolee uvivu kwa walio tayari. Fungua macho yetu tuone kilichoanguka miguuni petu. Katika jina la Yesu. Amina.