Friji Haili Gesi

Vijana wangu mnaozunguka soko la Gakoromone hapa Meru na mkoba wa spana, nina neno nanyi. Mwenye bucha hupiga simu kusema friza yake imeacha kugandisha, na kabla hajamaliza maelezo fundi amekwisha kumjibu: "Hiyo gesi imeisha." Hajaiona friza. Hajaufungua mlango wake. Bei imeshatajwa na mtungi uko njiani.

Friji haili gesi. Gesi iliyofungiwa kiwandani hutoka kompresa, ikapita koili ya nyuma, ikapita filta na kapilari, ikaingia sehemu ya baridi na kurudi ilikotoka, mwaka baada ya mwaka. Ikipungua, pana tundu. Anayetia gesi bila kulitafuta tundu hilo anateka maji kwa pakacha, na gharama inamwangukia mama wa maziwa au kijana wa samaki, ambaye atalipa leo na kulipa tena kabla mwezi haujaisha. Mimi huo siuiti ufundi. Nauita wizi, hata kama aliyeufanya hakukusudia kuiba.

Kwa hiyo mtungi uacheni nje, muingie na macho na mikono. Hapa sokoni kuna vumbi la viazi na nafaka, unga wa posho, na mvuke wa mafuta ya chipsi. Vyote hivyo huishia kwenye koili ya friji, vikajenga blanketi ambalo joto haliwezi kulipenya. Friza iliyosukumwa hadi ukutani, magunia yakaegemezwa nyuma yake, haitashika baridi hata ukiitia gesi ya dunia nzima. Ivute, isafishe kwa brashi, angalia kama feni inazunguka, halafu subiri. Kisha ubane noti kwenye mlango na kuivuta: ikitoka bila kukataa, raba imechoka, na hewa yenye unyevu inaingia mchana kutwa. Kazi hizo hazina sifa, na malipo yake ni madogo. Zifanyeni.

Baada ya hapo pimeni stima. Tumezoea kusema ni volti 240, lakini jioni, vibanda vyote vikiwasha taa na mashine zikiwa bado zinanguruma, chomeka mita kwenye soketi ujisomee mwenyewe. Kompresa inayopewa volti 180 inaweza kushindwa kuanza. Huvuta mkondo mkubwa, hupata moto, na kinga yake hukata. Utasikia mlio mdogo, kimya cha dakika chache, kisha mlio uleule tena. Mwenye haraka atasema kompresa imekufa. Wewe angalia rilei na kapasita, vitu vya bei nafuu, na kapasita uiondolee chaji kabla ya kuigusa. Pima ncha tatu za kompresa: usomaji ule mkubwa ulingane na jumla ya ile miwili midogo, na ncha yoyote isisomeke na mwili wa chuma. Vipimo vikiwa sawa, bado hujapata sababu ya kumuuzia mtu kompresa mpya.

Mwambieni mteja pia anunue kile kifaa cha kuchelewesha stima. Stima ikikatika na kurudi papo hapo, kompresa hujaribu kuanza huku upande mmoja ukiwa bado na shinikizo kubwa, na waya zake huungua. Dakika tatu hadi tano zatosha shinikizo kusawazika kupitia kapilari.

Kisha someni barafu, maana hapo ndipo fundi hujulikana. Sehemu ya baridi ikishika barafu mwanzoni tu, na iliyobaki ikawa vuguvugu, hapo gesi huenda imepungua kweli. Ikizibwa na barafu nene kotekote hadi feni inaikwaruza, gesi ipo; chunguza hita ya kuyeyushia, saa yake, na tena ile raba ya mlango. Kuna na ugonjwa wa tatu, unaowachanganya wengi. Friza inafanya kazi vizuri saa kadhaa, halafu inaacha kugandisha. Ukiizima ikayeyuka, inafufuka, kisha inaugua tena vilevile. Hapo kuna unyevu ndani ya mabomba, unaoganda kwenye mdomo wa kapilari na kuziba njia. Mara nyingi ni fundi aliyetangulia aliyeuingiza, kwa kufungua mabomba na kuyafunga bila kubadilisha filta na bila pampu ya vakamu, akisukuma hewa nje kwa gesi yenyewe.

Basi ukilifungua bomba, badilisha filta kila mara. Tafuta tundu kwa povu la sabuni, na utazame palipo na doa la mafuta, kwa kuwa mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi. Pampu ya vakamu ifanye kazi nusu saa au zaidi, kisha uifunge na kutazama kama mshale wa geji unatulia. Tena kumbukeni mahali tulipo. Meru iko juu ya bahari zaidi ya mita 1,500, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Geji iliyowekwa sifuri hapa, hata pampu ikiwa nzima kabisa, itafika kama inchi 25 za zebaki, haitafika 30. Msitupe pampu nzuri kwa sababu kitabu kiliandikiwa watu wa pwani.

Gesi yenyewe pimeni kwa mizani. Kibandiko cha kiwanda kinataja aina na gramu, na hakikuwekwa pale kwa urembo. Zamani tulikuwa na R-12, iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo huharibu ozoni iliyo juu angani, na mkataba wa Montreal ukafuata mwaka 1987. Nchi zinazoendelea, Kenya ikiwamo, zilipewa hadi 2010 kuachana nazo. R-134a ikashika nafasi. Haina dhara kwa ozoni, lakini gramu yake moja hewani hushika joto kama gramu 1,430 za kaboni dioksidi katika muda wa miaka 100, ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali, hapa jirani, zikakubaliana kuzipunguza gesi za jamii yake pia. Barafu ya Kirimaara, yaani Mlima Kenya, inapungua mbele ya macho yetu. Fundi wa Meru anayefungua vali na kuiachia gesi ipae angeutazama mlima huo kwanza.

Sasa friji mpya nyingi zinakuja na R-600a au R-290, gesi zinazoshika moto, na hapa ndipo ninapowaogopea zaidi. R-600a hufanya kazi kwa shinikizo la chini sana. Friji ikiwa nzima kabisa, upande wa kunyonya unaweza kusoma chini ya sifuri. Kijana aliyezoea R-134a huuona mshale huo, akadhani gesi ni kidogo, akaongeza. Friji ndogo ya nyumbani inaweza kuhitaji gramu 50 tu. Ukiongeza 20 kwa kukisia umeiharibu. Kosa jingine ni kuwasha moto wa kuchomelea wakati gesi bado imo ndani ya bomba. Kata bomba kwa kikatio, toa gesi kwa mpira hadi nje penye hewa, mbali na jiko na sigara, vuta vakamu, pitisha naitrojeni, ndipo uwashe moto. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa. Hulala sakafuni, na chumba cha nyuma cha duka kisicho na dirisha huzikusanya.

Yapo mambo mawili ambayo sitaki kuyaona kabisa. La kwanza ni gesi ya kupikia ndani ya friji. Nimesikia vijana wakisema yote ni propani na butani, basi tofauti iko wapi. Mtungi wa jikoni una mchanganyiko usio na kipimo cha kutegemewa, una unyevu na uchafu, umetiwa dawa ya harufu, na friji iliyotengenezewa R-134a ina swichi na rilei zinazotoa cheche palepale gesi itakapovuja. Unamwachia mteja bomu karibu na chakula cha watoto wake.

La pili ni oksijeni. Wengi wenu mnao mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, na mkikosa naitrojeni mnashawishika kuitumia kutafuta tundu. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, bila kiberiti, bila cheche. Fundi akiwa ameinama juu ya kompresa wakati huo, hatabaki wa kusimulia. Nawaomba kwa jina la mama zenu: kama naitrojeni hakuna, kazi hiyo ingoje hadi ipatikane.

Tena kumbukeni kilichomo ndani ya friji. Mwenye agroveti huhifadhi chanjo za ng'ombe kati ya nyuzi 2 na 8. Ukimrudishia friji inayofika 15 mchana, au inayogandisha usiku, mkulima wa Imenti atadunga ndama wake kitu kisichofaa, na ugonjwa ukija atasema chanjo ni uongo. Weka kipimajoto ndani ya bilauri ya maji, ukiache humo usiku kucha, usome asubuhi kabla hujapokea pesa. Na bucha ikikuita friza ikiwa imezimika tangu jana, nyama ikiwa imeyeyuka na kupata joto, mwambie mwenyewe ukweli, hata akikasirika. Ukiigandisha tena ukanyamaza, wewe pia umeiuza.

Najua vifaa ni ghali. Najua pia wapo waliosoma vizuri kwenye polytechnic yetu ya Meru, wakatoka na cheti lakini bila pampu. Changeni watatu au wanne, kama mnavyochanga kwenye chama, mnunue pampu moja ya vakamu, mizani moja, na mtungi mmoja wa naitrojeni, mviazimane kwa zamu. Na asiye na vifaa hivyo asilifungue bomba la mtu. Asafishe koili, abadilishe raba, apime stima, na kazi ya gesi ampelekee mwenzake aliye navyo.