Ukisema "Nyumbani," Unamaanisha Wapi?

Panda taxi jioni pale Mbarara, kaa kimya, sikiliza. Gari likishapita Masha, simu zinaanza: "Niko njiani, narudi nyumbani." Abiria huyohuyo kesho akikaa mbele ya meza ya intavyu atasema: "Nyumbani ni Kongo, hapa ni kambini tu." Anadanganya wapi? Mimi nasema hadanganyi popote. Lakini swali lenyewe ni zito, na kuna filamu inayolijibu haraka mno.

Ni filamu ya katuni, Babylon 5: The Road Home, iliyotoka 2023. Inaendeleza tamthilia ya televisheni ya miaka ya 1990 kuhusu kituo kikubwa cha angani, ambako viumbe robo milioni wa mataifa mbalimbali wanaishi pamoja ili vita visirudi. Katika filamu, John Sheridan, aliyewahi kukiongoza kituo hicho, anahamia sayari ya Minbar na mke wake, Delenn. Ajali ya mitambo inamng'oa katika wakati wake. Anarushwa jana, kesho, na katika dunia zisizo zake. Kinachomwonyesha njia ni mapenzi yake kwa Delenn. Jibu la filamu, basi: nyumbani ni mtu.

Jibu tamu, lakini lina matatizo mawili. La kwanza, mtu hufa. Delenn wa tamthilia aliigizwa na Mira Furlan, mzaliwa wa Zagreb, aliyeondoka Yugoslavia mwaka 1991 vita vilipoanza. Alifariki 2021, na katika filamu hii Delenn anasema kwa sauti ya mwigizaji mwingine. Kama nyumbani ni mtu, mama mjane wa Rubondo amekuwa mkimbizi mara mbili.

La pili, jibu hilo linawafaa sana wanaotaka kutusahau. Mko pamoja chini ya shitingi, mnapendana, si mna nyumbani tayari? Basi nani anadaiwa kitu?

Wazee wetu wana jibu lao: nyumbani ni pale kitovu chako kilipozikwa. Naliheshimu. Lakini Nakivale ipo tangu 1958. Vitovu vya watoto wangapi vimezikwa hapa, na bado karatasi zao zinasema "mkimbizi"? Tukilishika jibu la wazee, watoto hao ni wa hapa. Tukizishika karatasi, si wa popote.

Mimi nalipata jibu langu ndani ya tamthilia yenyewe, kwa balozi G'Kar. Nchi yake, Narn, inapigwa mpaka inasalimu amri. Anaomba hifadhi kituoni, anapewa. Lakini siku hiyohiyo mshindi anadai aondolewe kwenye baraza, na anatoka. Analo paa, anacho chakula, lakini kiti hana. Nafikiri kila mmoja wetu aliyewahi kuwa mwalimu, chifu au muuguzi kwao anaujua mlango ule. Baadaye G'Kar huyohuyo ndiye anayepewa kazi ya kuandika misingi ya muungano mpya wa mataifa. Narn haijajengwa upya. Ila neno lake limerudi kuwa na uzito, na watu wanamtegemea.

Ndiyo maana nasema nyumbani ni pale neno lako linapohesabiwa na wajibu wako unapongojewa. Kwa kipimo hiki, kupenda Nakivale si kuisaliti Kongo, Burundi wala Somalia. Anayepanda parachichi kwenye kiwanja chake hajafuta haki yake ya kurudi, na anayesubiri ndege hana sababu ya kuishi miaka kumi bila kivuli.

Kwenu mnaofanya kazi na sisi: tuna viongozi wa RWC tuliowachagua wenyewe. Mgawo unapopunguzwa, mara nyingi tunaitwa kujulishwa. Kujulishwa si kuulizwa. Paa mmetupa, asante kweli. Sasa tuzungumze kuhusu kiti.

Na kwetu sisi: kiti kina kazi yake. Mkutano wa kijiji ukiitwa, tusiseme "hapa si kwetu" halafu tukabaki tumelala. Anayesema hivyo kila siku atafika hata Canada na maneno hayohayo mdomoni.